Matuta Kumi na Manne

Ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa Machi, mvua za Ufipa zikiwa katika wiki zake za mwisho na nyasi zikiwa zimefika kiunoni. Ndiyo majira ambayo sisi wa Mwazye hupiga matuta ya ntumba: nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, hufukiwa ndani ya tuta la mviringo zioze, na juu yake hupandwa maharage. Jirani hukupigia safu ya matuta arobaini, nawe humrudishia arobaini kwa mikono yako mwenyewe. Kumtuma kibarua ni aibu, na safu iliyoachwa katikati husemwa mpaka msimu mwingine.

Mwanangu Herman alikuwa anadaiwa safu moja na jirani yetu Tadei, aliyekuwa amempigia yake katika shamba letu.

Herman alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, akiuza mbao mjini Sumbawanga. Mwezi wa Januari daktari alimpima, akamwambia kwamba shinikizo la damu limepanda na mafuta katika damu yamezidi. Alimpa vidonge vya kila siku, akamwagiza apunguze uzito na arudi baada ya wiki sita. Herman hakurudi. Alikuwa ameingia katika kundi la simu ambamo watu hufundishana kuacha ugali, wali, viazi na hata maharage, na badala yake kula nyama ya mafuta, mayai na samli. Aliponifikia Ijumaa jioni, mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu matatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Sijakonda, nimepona. Kilo kumi na moja! Kitambi kiko wapi? Kitafute."

"Na vidonge?"

"Vya nini tena? Niliviacha tangu Februari. Mtu mwepesi presha ataitoa wapi?"

"Daktari ndiye aliyekwambia hivyo?"

Alicheka, akafungua kopo la nyama ya ng'ombe wa Mtowisa, mafuta yake yameganda meupe. Ilikuwa Kwaresima, na siku ilikuwa Ijumaa, ambayo sisi Wakatoliki hatuli nyama.

"Herman!"

"Hii ni dawa, Mama. Padri ataelewa."

Mkewe, Rozina, alikuwa amenipigia simu juma lile lile. "Mama, zungumza naye," alisema. "Akibeba mbao anajishika taya. Anasema ni jino. Nimemmulika mdomoni kwa tochi; upande huo hana jino, aliling'oa mwaka juzi."

Nilimwuliza Herman habari za jino. Akajibu kwamba limetulia. Nilimtazama: ngozi yake iling'aa, mwili ulikuwa mwepesi kama wa kijana. Nikaacha.

Asubuhi tulipanda kwenda shambani kwa Tadei katika ukungu mzito. Herman alisimama njiani mara tatu. Kila mara alisema kwamba anatazama mashamba. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hapakuwa na shamba la kutazama.

Hata hivyo alianza kwa nguvu. Adhuhuri mke wa Tadei alileta ugali wa ulezi na maharage. Herman alinawa mikono, akakaa kando na kopo lake.

"Umekuwa simba, Herman?" aliuliza Yusto, ambaye alikuwa na safu yake ya kulipa. "Lakini simba halimi, bwana. Jembe linataka ugali."

"Ninyi jazeni wanga tu. Tutakutana kwenye mizani."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka.

Alasiri Tadei aliliacha jembe lake akamsogelea. "Ndugu yangu, unatoka jasho na baridi hii? Acha hapo. Utamalizia Jumamosi ijayo."

Herman alikuwa amepiga matuta ishirini na sita. Alilaza jembe chini. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na mkono wake ulikuwa kwenye taya. Alinitazama mimi, kama alivyonitazama utotoni alipotaka ruhusa.

Nilisema, "Yamebaki kumi na manne tu. Baba yako hakuacha safu katikati, wala wewe hutaiacha."

"Haya, Mama."

Aliliokota jembe. Alikata bonge moja la udongo na nyasi zake, akalipindua, akaketi kando yake kama mtu anayepumzika. Kisha akalala ubavu.

Yusto alikimbia kutafuta gari. Herman alikata roho kabla hatujaifikia lami, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Daktari aliyetupokea hospitalini alisema kwamba yaelekea mshipa wa moyo uliziba. Alieleza bila ukali. Kupungua uzito hakukuwa kosa. Hata kupunguza ugali kungeweza kumfaa, kama angebaki na vidonge vyake, akala mboga, samaki na maharage, na damu yake ikapimwa. Lakini mafuta ya nyama siku baada ya siku huweza kuzidisha mafuta katika damu ya mtu kama yeye, na wembamba hauyaonyeshi.

"Hakuwa na dalili?" aliuliza. "Kuchoka kwenye mlima? Maumivu ya kifua, ya mkono, ya taya? Hakuna aliyejua?"

Rozina, aliyekuwa ametukuta hapo, aliinamisha kichwa. Nilimjibu daktari kwamba mimi nilijua.

Matanga yalipokwisha, nilichukua jembe la Herman nikapanda kwa Tadei peke yangu. Nilisimama mara nyingi njiani.

"Mama, tafadhali rudi nyumbani," alisema Tadei. "Hakuna anayekudai."

"Ninadaiwa."

"Basi nikusaidie."

"Safu hailipwi kwa mikono ya anayedai. Kaa pembeni."

Bonge alilolikata Herman lilikuwa pale pale, nyasi zake zimenyauka. Nilianzia hapo. Nina miaka sabini na minne. Siku ya kwanza nilipiga manne, ya pili matano. Siku ya tatu, jua likiwa limeinama, nilifukia nyasi za tuta la mwisho, nikalipigapiga kwa kiganja.

Tadei alivua kofia, akatembea kando ya safu tangu mwanzo wake, akihesabu kwa sauti kama desturi yetu inavyotaka. Kwenye tuta la ishirini na sita alisimama. Nilingoja. Akaendelea mpaka arobaini.