Ubao wenye Muhuri wa Arobaini na Moja

Ubao wa kumi na mbili katika mkusanyo wangu ndio uliomkosesha raha mama mkwe wangu, Mama Vartuhi. Niliupata mjini Reedley, kwenye nyumba ya marehemu mmoja ambaye jamaa zake walikuwa wakiuza vitu vyake: ubavu wa sanduku la mbao la kupakia pichi, lebo yake ya jogoo mwekundu haijachanika hata kidogo. Niliutundika juu ya jiko pamoja na wenzake.

Mama Vartuhi hakukaa. Aliinua birika la kahawa, akaliweka. Akafuta meza niliyokwisha kuifuta.

“Mama, kaa basi! Unanizungusha kichwa.”

“Jikoni kwako pamekuwa ghala, Talin. Sisi tuliyakimbia masanduku, wewe unayatundika kama picha za watakatifu.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa pembeni mwa lebo, kwenye muhuri mdogo wa wino wa zambarau: 41.

Aliwahi kunieleza kuhusu ghala la kupakia matunda alikofanya kazi ujanani. Kila mwanamke aliyepanga matunda alikuwa na muhuri wake, ili sanduku bovu likirudishwa, bosi ajue wa kumfukuza.

“Wako si ulikuwa thelathini na nane?”

“Huo ni wa Odília.” Alikwenda hadi mlangoni, akarudi. “Mwaka hamsini na nane. Nilikuwa nyuma ya wenzangu, nikajaza pichi zilizopondeka chini, nzuri juu. Odília alikuwa ameenda msalani. Nikachukua muhuri wake, nikayagongea masanduku yangu.”

“Masanduku mangapi?”

“Sita. Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana.”

Odília Freitas aliishi mitaa mitatu kutoka kwetu. Miaka yote tangu niolewe nilidhani ni majirani wasiopendana tu.

“Ung’oe,” mama mkwe alisema. “Twende kwake sasa hivi, kabla sijajitafutia udhuru mwingine.”

Odília alifungua mlango. Aliutazama ubao, kisha akamtazama Mama Vartuhi aliyeushika.

“Odília, yale masanduku…”

“Najua. Karatasi zilizofungia pichi zile zilisokotwa kwa mkono wa kushoto. Mle ghalani, mwenye shoto alikuwa nani zaidi yako?”

“Ulijua? Na hukunitaja?”

“Nilitaka uje mwenyewe. Nilidhani ungekuja jioni ile ile.”

Mama Vartuhi aligeuka nusu, kama anayetaka kurudi garini.

“Thubutu!” Odília alimshika kiwiko. “Hasira yangu ya miaka arobaini niimwage kwa nani? Ingia, mwanamke wewe, ukae uisikie yote.”

Aliingia. Na kwa mara ya kwanza siku ile, akakaa.