Projekta ya Kutazamia Theluji

Muuzaji alianza na mji wa usiku: mvua, taa za magari, mtu mwenye koti jeusi akivuka daraja. Chumba cha maonyesho cha duka lile la mjini Lillehammer, Norwe, kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheusi mpaka darini, na kwenye skrini weusi wa koti ulijitenga na weusi wa maji bila shida. Muuzaji, kijana aliyeitwa Jarle, alikunja mikono kama mtu aliyekwisha kuuza.

"Unaona giza lilivyotulia hapo, Oddny?" alimwuliza mteja wake.

"Naona. Sasa nionyeshe theluji."

"Theluji?" Jarle alicheka. "Hakuna anayekuja hapa kununua projekta ya kutazamia theluji. Theluji si iko nje, bure."

"Wewe unatazama nini Jumapili, kuanzia Novemba mpaka Aprili?"

Jarle alifikiri. "Mbio za skii," alikubali. "Kama baba yangu."

"Basi niwekee za baba yako."

Kutoka kwenye kiti cha nyuma Halvard, mume wa Oddny, alimwambia kijana: "Mtii tu, mwanangu. Mimi nimejaribu kubishana naye tangu ujanani, na unaniona nilivyo."

Oddny hakugeuka. Vuli iliyopita daktari alikuwa amemwambia kwamba kitovu cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kinachakaa, jicho la kulia na la kushoto. Pembeni angeendelea kuona. Katikati palikuwa na ukungu, nao ulianza kumnyang'anya vitu visivyotofautiana sana na vilivyovizunguka: ngazi ya kijivu kwenye kibaraza cha kijivu, maziwa katika kikombe cheupe, mitaro ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea, kwenye theluji. Hiyo mitaro ndiyo iliyomuuma. Mashine huichonga miwili miwili, mmoja kwa kila mguu, miwili njia ya kushoto na miwili njia ya kulia, na mtu anayejua mbio huzisoma humo: nani amebanwa, nani anajiandaa kutoka, upande gani theluji imeanza kulainika. Bila mitaro, mbio ni watu wanaorusha mikono ndani ya weupe.

Majira yote ya baridi Halvard alikuwa amemsimulia mbele ya televisheni ya sebuleni. Alisimulia kwa upendo na kwa kuchelewa. Kona ilikuwa imekwisha kupita ndipo aliposema, "Sasa wanaingia kwenye kona." Oddny alikuwa mpima ardhi maisha yake yote ya kazi, yeye ndiye aliyewaambia watu mpaka wao uko wapi. Hakuwa tayari kuambiwa mtelezaji yuko wapi. Kwa hiyo alikuwa ameamua. Ama mbio za kilomita hamsini za Machi atazitazama kwa macho yake mwenyewe, ama ataacha kutazama mbio kabisa. Alimwambia Halvard hivyo wakati wa kifungua kinywa, na Halvard alijua kwamba mkewe hana desturi ya kutoa vitisho vya bure.

Wazo la projekta lilitokana na hesabu rahisi. Picha ikiwa kubwa, ukungu hufunika sehemu ndogo zaidi yake.

Jarle aliweka mbio. Kilima, misonobari, halafu uwanda mweupe. Oddny aliinua kidevu kidogo na kutazama kwa pembe ya jicho, kama alivyojizoeza. Mitaro ilikuwepo: mistari minne ya kijivu, myembamba, iliyonyooka.

"Nitaichukua hii kwa majaribio," alisema. "Na unipe vipande viwili vya kitambaa cha skrini, cheupe na cha kijivu."

"Cha kijivu kitapunguza mwanga."

"Najua kitakachofanya. Ninataka kuona kitafanya kiasi gani."

Nyumbani walikuwa na chumba cha chini ambacho Halvard, seremala mstaafu, alikitengeneza mwenyewe kwa mbao za msonobari. Vuli ile, juma lilelile waliloenda kwa daktari, alishuka na ndoo za rangi akapaka kila kitu nyeupe: kuta, dari, fremu ya mlango, hata bomba la maji. Hakuna aliyemwomba. Katika bonde lile, jua linapoaga nyuma ya mlima kwa majuma kadhaa, watu huzivika nyumba zao weupe kama wanavyojivika sufu. Alipomaliza alimwita Oddny, akawasha taa zote, na kusema, "Nimekupakia mwanga."

Sasa walifunga projekta, wakatundika kitambaa cheupe, wakaweka mbio zilezile. Kilima kilionekana. Misonobari ilionekana. Uwanda ulipofika, chumba kizima kiliwaka kama ndani ya yai, na mitaro haikuwepo.

"Wamekudanganya," Halvard alisema papo hapo. "Dukani wamefunga mashine nzuri, nyumbani wamekupa gae. Rudisha, tuchukue yenye nguvu zaidi."

"Ni mashine ileile. Nilitazama namba yake ya nyuma kwa kioo cha kukuzia."

"Basi haina nguvu ya kutosha. Mwanga haujai."

"Haujai? Naweza kukuhesabia mvi zako kwa huu mwanga, mzee, pamoja na ukungu wangu."

Hata hivyo, kwa sababu jambo lililoweza kupimwa halikustahili kubishaniwa, siku iliyofuata walileta ile yenye nguvu. Kilichobadilika ni kwamba Oddny alilazimika kufumba macho. Mitaro haikurudi. Alikaa na jambo hilo huku kahawa ikipoa. Mashine moja, filamu moja, macho yaleyale. Dukani aliona, hapa haoni. Kilichobaki ni chumba. Theluji ya kwenye skrini ilirusha mwanga ukutani na darini, na kuta nyeupe zikaurudisha kwenye skrini, juu ya kivuli chembamba cha mtaro, mpaka kivuli kikajaa. Mashine yenye nguvu zaidi ilirusha mwingi zaidi na kurudishiwa mwingi zaidi kwa kiwango kilekile. Mtu angeweza kununua mashine mpaka azeeke.

"Ni kuta," alisema.

Halvard aligeuka, akazitazama. "Kuta zina nini?"

"Ni nyeupe."

"Nilizipaka kwa ajili yako."

"Najua ulizipaka kwa ajili ya nani."

"Unataka niishi ndani ya jeneza? Nyumba za watu ni nyeupe, Oddny! Mama yako mwenyewe alipaka nyeupe hata banda la kuni."

"Mama yangu hakuwa na projekta."

Halvard alipanda juu, na hatua zake zilisikika kwenye kila ubao wa ngazi. Oddny alimwacha anywe kahawa yake. Hakuona haja ya kumbembeleza. Alihitaji jaribio ambalo Halvard angeliendesha kwa mikono yake, asipate pa kuegemea. Kutoka sandukuni alitoa mablanketi ya sufu ya kibanda cha mlimani, ya rangi ya bluu iliyokolea, mazito, yenye harufu ya moshi. Kisha akamwita.

"Lete vibanio vyako. Na vikombe viwili, na konzi ya skrubu."

"Usitoboe mbao zangu."

"Ndiyo maana nimesema vibanio."

Aliwekea jaribio masharti. Halvard angesimamisha filamu popote apendapo kwenye uwanda. Oddny angesema mtelezaji wa mbele yuko njia ya kushoto au ya kulia. Akipata, skrubu katika kikombe cha bluu. Akikosa, katika chekundu. Halvard asiseme neno, asigune, asivute pumzi.

"Hata kupumua?"

"Pumua kwa haki."

Kwanza chumba cheupe. Mwishoni Halvard alivitazama vikombe. Vilikuwa karibu sawa. "Hii ni kama kurusha sarafu," alisema, na sauti yake haikuwa na kejeli. Walibadili kitambaa, wakaweka cha kijivu. Kikombe cha bluu kilizidi kidogo. Ndipo wakatundika mablanketi, kwenye kuta za pembeni na darini mbele ya skrini, Halvard juu ya ngazi, Oddny akimpa vibanio kwa kupapasa. Wakarudia.

"Kushoto," Oddny alisema. "Kushoto. Kulia. Huyu yuko katikati, anahama, hujanisimamishia vizuri. Kulia."

Skrubu ziligonga kikombe kimoja tu, moja baada ya nyingine. Mahali fulani alikosa, akasikia mlio wa kikombe cha pili, akasema, "Hapo nilibahatisha," na kuendelea. Filamu ilipokwisha Halvard alikuwa bado ameishika rimoti. Alikuwa mtu mwaminifu kwa vipimo. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mteja kwamba mlango uliopinda umenyooka.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufutia mitaro," alisema.

"Ulipaka kabla hatujajua. Sasa tunajua."

"Ungeniambia polepole."

"Ningekuambia polepole, mbio zingepita."

Halvard alicheka puani, bila kupenda. Akasimama, akaushika ukuta kwa kiganja, kama anavyoshika ubao kabla ya kuukata. "Nyeusi sipaki," alisema. "Nitapaka kijani cha msonobari. Kilichokolea."

"Isiyong'aa."

"Isiyong'aa. Na dari?"

"Dari kwanza."

Alianza dari asubuhi yake. Projekta yenye nguvu walimrudishia Jarle. Ile ya mwanzo ikabaki, na wakaagiza skrini ya kijivu ya upana wa ukuta. Halvard alipaka tabaka mbili, kisha ya tatu bila kuambiwa, kwa sababu katika kona moja weupe ulikuwa unachungulia.

Siku ya kilomita hamsini walishuka na vimkate vya vafeli, jibini ya kahawia na machungwa. Kundi la mbele lilikaa pamoja kwa muda mrefu, na Halvard alikaa na mdomo uliofungwa kwa juhudi iliyoonekana hata kwa asiyeona vizuri. Oddny aliinua kidevu. Mitaro ilikuwa pale, mistari ya kijivu juu ya weupe, ikipanda pamoja na kilima.

"Anatoka," alisema.

"Nani?"

"Wa tatu. Kaacha njia ya kushoto. Anapitia katikati, na wenzake hawajamwona. Tazama, tazama, keshawapita!"

Halvard alikuwa ameshainuka kitini. Mtangazaji alipaza sauti baada yao.

Oddny aliinama mbele, akageuza kichwa upande huu, kisha upande ule. Kifuani pa mtelezaji palikuwa na doa la ukungu na halikutoka.

"Namba yake siioni," alisema. "Namba utaniambia wewe. Namba tu, Halvard."

"Kumi na saba. Na amechoka, angalia mabega ya..."

"Namba tu."

"Kumi na saba," alisema Halvard, akamenya chungwa.