Kikohozi cha Bi Sindano

Bi Sindano alikuwa buheri wa afya, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Mjane wa makamo, fundi wa mapazia na sare za shule, goti imara, tumbo lisilojua kulalamika. Mtu wa namna hiyo ataingiaje kwenye duka la dawa za mitishamba, na akiulizwa amefuata nini, aseme nini?

Mara ya kwanza aliingia kwa haki. Vumbi la kitambaa kipya lilimpanda puani, akapiga chafya mfululizo mpaka akavunja sindano ya cherehani. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akishona vifungo upande wa pili wa meza, akamfukuza.

"Nenda hapo ng'ambo kwa Bwana Majani, wifi. Utatuchafulia mapazia ya watu."

Bwana Majani alikuwa mgeni mtaani. Mrefu, mpole, mvi zimemzunguka masikio, na duka lake dogo kama kabati: mafungu ya majani yananing'inia darini, mizizi imejaa madebe, mishubiri kwenye vyungu mlangoni. Alimpa majani ya mkaratusi, akamweleza namna ya kujifunika shuka na kuinamia sufuria ya mvuke asiungue uso. Kisha, akimkabidhi kifurushi, akasema, "Na ukipona, usitutupe."

Ni neno la kibiashara tu, kila muuzaji hulisema. Lakini Bi Sindano alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, na mchana ule alishona mfuko wa suruali ukatokea kwa nje.

Chafya ziliisha kesho yake. Alisikitika sana.

Ndipo alipoanza kukohoa. Alikohoa kwa adabu, mkono mdomoni, akapewa kifurushi. Baada ya kikohozi likaja tumbo, baada ya tumbo usingizi, baada ya usingizi goti. Alijifunza kuja saa ya wateja wengi ili foleni imcheleweshe, akae kwenye kigoda akimtazama mwenye duka akifanya kazi. Mpishi aliyeungua kidole alikatiwa jani la mshubiri, akapakwa utomvu wake. Dereva mwenye jino bovu alipewa karafuu ya kung'ata na onyo kwamba karafuu hutuliza tu, haing'oi. Mama mmoja alipoingia na mtoto anayechemka kwa homa, Bwana Majani hakugusa hata fungu moja. "Huyu ni wa hospitali, tena sasa hivi," alisema, akatoka mwenyewe barabarani kuwatafutia gari. Siku hiyo Bi Sindano alirudi cherehani moyo ukimdunda kama wa msichana, akaimba mpaka jioni.

Zamu ya goti iliporudi, Bwana Majani alimkazia macho.

"Goti lipi?"

"La kulia."

"Juzi ulichechemea la kushoto."

"Limehamia."

Bwana Majani akainama haraka chini ya meza kutafuta uzi, akachelewa sana kuinuka.

Dawa zote Bi Sindano alizinywa, hata ile ya goti. Zote zilinukia vizuri, harufu ile ile kama ya ndimu, wala hakujiuliza kwa nini. Siku hizo hata sabuni ya kufulia ilimnukia vizuri.

Aliyejiuliza ni wifi. Aliona karatasi za vifurushi zikijaa kwenye pipa la vitambaa, akamwona mwenzake akicheka peke yake na kusahau chakula. Kaka yake, marehemu, naye alificha maradhi mpaka yakamshinda. Wifi hakutaka kufanywa mjinga mara ya pili. Akaita watu.

Bi Sindano alirudi kutoka kununua nyuzi akakuta duka lake la ushonaji limefungwa nusu mlango. Ndani, kaka yake mkubwa amekaa juu ya robota la kitambaa, mikono magotini, kama aliye msibani. Binti yake, mwuguzi, amekuja na sare yake ya kazi. Wifi macho mekundu.

"Mama, kaa," binti alisema, akamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. "Tuambie unaumwa nini. Mapigo yako yanakimbia."

"Yanakimbia kwa sababu mmenitisha."

"Mdogo wangu," kaka alisema, "ugonjwa haufichwi."

Bi Sindano aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka kusema ukweli, ukweli ukamtekenya kooni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea cherehani, mpaka machozi yakamtoka. Kaka akasimama. "Ugonjwa umepanda kichwani," alisema kwa huzuni. "Aitwe huyo anayempa dawa."

Bwana Majani aliletwa, kofia mkononi, akasimama kama shahidi mahakamani katikati ya mapazia yaliyoning'inizwa.

"Bwana," wifi alisema, "huyu anaumwa nini?"

"Sijui, mama. Haumwi kitu."

"Na hizo dawa zote?"

Bwana Majani aliikunja kofia, akaikunjua. "Mkaratusi ulikuwa wa kweli. Kuanzia kile kikohozi nimempa mchaichai tu, nikibadilisha karatasi. Dawa kali haipewi mtu mwenye afya kama chuma."

"Sasa kwa nini ulizidi kumpa?"

"Kwa sababu alizidi kurudi."

Bi Sindano aliacha kucheka. Alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, akatamani ajifunike pazia la watu. Kisha akasikia sauti ngeni, kama birika linaloanza kuchemka. Ni wifi, kicheko kinamtoka puani.

"Wanasema mapenzi ni kikohozi," wifi alisema akijifuta macho, "na mimi nimeleta mwuguzi." Akamshika Bi Sindano mabega. "Umenitia hofu bure, wifi yangu. Kaka yangu angekuwepo angekucheka mwezi mzima, halafu angekwambia uendelee na maisha. Na mimi nakwambia hivyo hivyo."

Kaka mtu aliona mambo yamegeuka, akakohoa kidogo. "Maadamu bwana yupo hapa, mimi mgongo huu..." Akageuka kuuonyesha. Binti naye akauliza kama tangawizi inafaa kwa kichefuchefu cha safari. Bwana Majani akajibu kila mmoja kwa utulivu, lakini kofia aliivaa kinyumenyume.

Alipomaliza, akamgeukia Bi Sindano.

"Na wewe? Leo kinakusumbua nini?"

"Leo sina kitu," alisema Bi Sindano.

"Basi kesho njoo hivyo hivyo."

Akaenda asubuhi, kabla hata ya kufungua duka lake. Walikaa mlangoni kati ya vyungu, wakanywa mchaichai, safari hii kila mmoja akijua anachokunywa, na mteja wa kwanza alipofika ilibidi apige hodi mara mbili ndipo wamwone.