Rangi ya Kitinda Mimba

"Mama anauliza huyo mgonjwa ni nani," dada alisema kwenye simu, akacheka kidogo, kisha akaacha.

Mhariri wa video hakucheka. Kila Ijumaa mchana, wenzake wakienda kula, alijifungia katika chumba chake cha kazi, chenye kuta zilizopakwa kijivu makusudi zisidanganye jicho, akajirekodi kwa simu akimsalimia mama yake. Miaka mitatu hakuwa amekanyaga kwao. Karatasi zake za ukaazi huko ughaibuni zilikuwa bado kwenye foleni. Akitoka, kurudi ni majaliwa. Kumbukumbu za mama nazo zilikuwa zikichujuka. Daktari alishasema sura anayoiona mara kwa mara ndiyo atakayoishika. Basi alituma sura yake.

"Mgonjwa vipi?"

"Una majivu usoni, mdogo wangu. Kwenye simu yangu unang'aa kama sufuria mpya. Nikikuweka kwenye televisheni, maiti! Si ndiyo kazi yako hii? Ama kweli, kinyozi hajinyoi."

Alimwomba dada apige picha ile televisheni. Ilipofika, akaona haya. Simu yake mpya ilirekodi upeo mpana wa rangi wa skrini za kisasa, naye kwa uvivu alitoa faili na profaili yake vilevile, yaani maelezo yanayoiambia skrini jinsi ya kuzisoma rangi. Televisheni kuukuu ya mama haikuijua profaili hiyo; ilizisoma rangi kwa mazoea yake, na wekundu wote wa ngozi ukapotelea njiani. Video za wateja alizikagua kwenye skrini nne. Ya mama yake hakuikagua hata kwenye moja.

Siku hiyo hakula. Alizihamishia rangi kwenye kipimo cha kawaida, kile ambacho hata televisheni ya zamani inakielewa, akaurekebisha uso kwa mkono, akatoa faili upya, na profaili ya kipimo hicho imeandikwa ndani yake. Akaijaribu kwenye simu, kwenye kompyuta ya mapokezi, kwenye televisheni ya ukumbi wa wateja. Kote alikuwa mtu yuleyule: maji ya kunde, mashavu yana damu, kovu dogo kwenye paji.

"Leo unagombea nini, dada?" mlinzi akamtania alipomkuta anajitazama ukumbini.

"Nagombea kwa mama yangu."

"Aa, huko umepita bila kupingwa."

Akatuma. Haukupita muda dada akapiga simu ya video, akaielekeza alipoketi mama.

"Shikamoo, mama," ilisema sura kwenye televisheni.

"Marahaba, mwanangu!" mama akaitikia. Wiki zote zile hakuwahi kuitikia.

Mhariri akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kazuri haka kabinti," mama akasema. "Hebu mtazame. Ana rangi ya kitinda mimba wangu, haswa."

"Ndiye mwenyewe, mama," dada akasema.

"Ndiye wapi! Wangu namjua." Akajikongoja hadi kwenye televisheni, akasimama karibu kabisa, akateremsha sauti kama mtu anayetoa siri. "Binti, ukimwona huko mliko, mwambie mama yake anamngoja."

"Nitamwambia, mama," mhariri akajibu kwenye simu.

Lakini mama alikuwa akilingoja jibu kutoka kwenye televisheni, na video ilikuwa imekwisha.