Moshi wa Nyakio

Novemba 2007, huko Elburgon, Chelangat alikuwa akishindilia maranda ya mbao kwenye jiko lake alipoona moshi ukitoka kwenye paa la jirani yake Nyakio. Ulikuwa moshi mweusi, wa nyumba inayoungua. Nyumba haikuwa ikiungua. Nyakio mwenyewe alikuwa uani anaanua nguo, akinung'unika kwamba shuka zitanuka.

Wawili hawa walikuwa wakipeana moto tangu waolewe. Aliyetangulia kuamka aliwasha, akapitisha makaa juu ya ua wa mbao kwa kifuniko cha sufuria, na mwenzake akarudisha kifuniko pamoja na salamu. Siku hiyo Nyakio alikirudisha na swali.

"Mwalimu, hii moshi ni ya nini? Nimegusa mabati, ni baridi tu."

Chelangat alifundisha Kiingereza sekondari, na wiki hiyo darasa lilikuwa limefika kwenye neno "foreboding". Aliwaeleza wanafunzi kuwa ni ule uzito wa moyo unaomjia mtu kabla ya jambo baya kutokea, na kwamba hapo kale, kwa Waingereza, shina lake lilikuwa mjumbe anayeleta tangazo. Akamweleza Nyakio vivyo hivyo, bila kumficha.

"Kwa hivyo huyu ametumwa tu," Nyakio akasema. "Mwenyewe bado yuko njiani."

"Bado. Mama Abby, enda kwa dada yako huko Lanet. Tafadhali."

"Na viazi niachie nani?"

Basi moshi ukazoeleka. Watu wakajifunza kuanua nguo mapema. Kimaiyo, mwenye duka la mbao, aliyepakana na Nyakio upande wa chini, alifunga madirisha na kulalamikia kikohozi. Siku ya kupiga kura ulitanda hadi foleni nzima ikakohoa. Kisha ukaisha.

Januari, ghasia za baada ya kura zilipozuka, moto wenyewe ukaja, mchana kweupe, na nyumba ya Nyakio ikaungua bila moshi hata kidogo, maana wake ulikuwa umeshatumika. Nyakio alipanda lori na watoto wake na kifuniko cha Chelangat. Polisi walipouliza, mtaa mzima ulisema haukuona moshi, na ulisema kweli. Kimaiyo alisema hivyo pia, nyusi zake zikiwa zimeungua. Afisa akamshukuru.

Hamu ya kumwona Nyakio ilimkaa Chelangat kifuani, haikumbanduka. Kila asubuhi aliweka makaa juu ya ua, kwenye kipande cha bati, yakazimika papo hapo.

Agosti, kile kiwanja kitupu kikaanza kunukia chai ya Nyakio, ile ya tangawizi iliyozidi. Hakukuwa na jiko pale wala mtu. Chelangat alitoa kikombe cha pili, akakisugua, akaketi uani. Mjumbe amefika, alijiambia. Mwenyewe yuko njiani. Alingoja hadi mvua za mwisho wa mwaka zikanyesha na kukatika, na chai ilinukia kila siku.

Kimaiyo, ambaye alikuwa amesogeza ua wake hadi mpakani kwa Chelangat, kiwanja cha Nyakio kikiwa ndani, alikuwa akichimba viazi katikati ya harufu hiyo.

"Mwalimu, hiyo chai ni ya nani?"

"Ya mwenye shamba."

Kimaiyo aliivuta harufu, akatikisa kichwa kuisifu, akaendelea kuchimba.