Sauti ya Nyuma ya Ukuta

Gael alijifunga mu chambre, akaweka telefone juu ya muto wa kitanda ili irekodi, akashika gita. Nyimbo za batu bengine alikuwa anarekodi bila shida. Lakini ile yake mwenyewe, ya kuagana na dada yake Noëlla mwenye ataolewa siku ya samedi na kwenda kuishi Dilolo, ilikuwa inakwama kila siku kisha couplet, beti, ya pili. Maneno inaisha.

Siku ile, kisha kukwama, alisahau kuzima telefone, ikaendelea kurekodi. Wakati wa kusikiliza, gita ilinyamaza, na sauti ya mwanamuke, mbali kidogo, ikaendelea na ule wimbo wa Gael. Couplet ya tatu! Nani?

Akatia sikio ku ukuta. Mama Abigaëlle, jirani, alikuwa anafula manguo na kuimba. Gael akakimbia kwake.

"Mama, ile maneno umeitosha wapi?"

"Mu kichwa. Weye unanichokesha na kilio! Mu wimbo yako ni benye kubakia tu njo banalia. Na bibi-arusi, hana kinywa?"

"Yeye anasema nini?"

"Ile yake sijue, najua yangu. Mi nilitoka Sandoa kuolewa huku. Bote balikuwa banalia, mi nacheka mu camion, sababu nilitaka kuona kule mbele iko nini."

Gael alikuwa hajauliza Noëlla hata siku moja kama anaogopa ao anafurahi.

"Mama, kuya umuimbie."

"Na sabuni ku mikono?"

"Na sabuni."

Akapangusa mikono ku kitenge. "Twende. Anza, tata, mi nitaingia pale unakwamaka."