Miwani ya Baba Mkwe

Kila Jumapili jioni, watu wa klabu ya bwawani walipomaliza kuvua, vikapu vyote vilirundikwa miguuni pa mtu mmoja. Ndiyo sheria waliyojiwekea: aliyerusha mshipi vibaya kuliko wote siku hiyo anabeba mizigo ya wenzake, anapanda nayo zile ngazi za mawe mpaka kwenye magari. Na kwa kuwa mtu huyo alikuwa yule yule, mwaka nenda mwaka rudi, walishaacha kumtaja kwa jina. Wakamwita Hamali.

Usimwonee huruma mapema, ngoja kwanza. Siku za kazi huyo Hamali alikuwa fundi wa miwani, mwenye duka lake safi na kiti chake cha kupimia macho, na watu wazima na ndevu zao walitulia tuli mbele yake akiwashika kidevu. Lakini Jumapili, loo! Mkono ule ule uliokata vioo bila kutetemeka ulirusha mshipi, na mshipi ukarudi kumwangukia begani kama kamba ya nguo iliyokatika.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa baba mkwe wake. Mzee mrefu, shingo imenyooka, sauti ya kupasua mbao. Pale klabuni aliitwa Bingwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka shindano la pete, lile la kutupia ndoana ndani ya pete zinazoelea majini, ambalo hakulishinda. "Hamali!" atapaza sauti, "unavua au unafukuza inzi?" Wazee wenzake wote meno nje. Na Hamali naye anacheka, maana ukichekwa na mkweo utafanya nini, utamnunia?

Alichokitaka kilikuwa kidogo mno, hata kukisema ni aibu. Alitaka mzee amwite mwanangu. Mume wa shemeji yake, mtu asiye na mbele wala nyuma, aliitwa mwanangu. Kijana wa kuleta gazeti aliitwa mwanangu. Yeye alikuwa Hamali bwawani, Hamali mezani, Hamali kwenye simu, mbele ya mke wake. Mke alikuwa anainamisha macho kwenye sahani na kusema, "Baba naye!" Basi, yanaishia hapo.

Fimbo aliyovulia alipewa na mzee siku ya harusi. Fimbo nzuri, nzito, ya zamani, na mshipi mzee aliufunga mwenyewe. Na pale klabuni walikuwa na mwiko mmoja ambao hata mlevi hakuuvunja: mshipi aliokufungia mtu wako huufungui. Unauvulia mpaka uishe. Kuufungua ni kumwambia mbele za watu kwamba hajui kazi, au kwamba humwamini. Kwa hiyo Hamali hakuufungua. Aliusafisha, akaupaka nta, akaurudisha kwenye gurudumu lake jinsi ulivyokuwa.

Mwaka huo shindano lilipokaribia, alipiga moyo konde akaenda kujifunza, kwa siri. Mwalimu alikuwa mama mmoja mnene, mkali kama pilipili, anayefundisha watoto kuogelea. Jumatatu bwawa lake la kuogelea lilipofungwa, alifundisha watu wazima kurusha mshipi juu ya maji yale ya buluu yanayonuka dawa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, filimbi shingoni.

"Rusha nione," alisema. Hamali akarusha. Mama akapuliza filimbi.

"Wewe, nani kakufundisha hivyo? Unatwanga!" Akamwekea taulo lililokunjwa kwapani. "Likianguka, unaanza upya. Kiwiko kikae mwilini. Fimbo inaenda nyuma, inasimama. Inasimama, nimesema! Subiri mshipi unyooke nyuma yako, ndipo uulete mbele. Una haraka ya kwenda wapi, una mgonjwa nyumbani?"

Taulo lilianguka mpaka likalowa. Wiki kadhaa alirudi, na taulo likaanza kukaa, na mkono ukaanza kusimama mahali pa kusimama, lakini mshipi bado ulidondoka karibu, umejikunja. Siku hiyo mama akainuka kwenye kiti, akampokonya fimbo, akaipunga hewani mara moja, akaguna. Akatazama maandishi madogo ya dhahabu juu ya mshiko. Kisha akauvuta mshipi, akaupima kwa vidole.

"Fimbo hii ni namba nane. Mshipi ni wa namba tano," alisema. "Ndoana yenyewe ni manyoya matupu, haina uzito wa kujipeleka popote. Kinachokwenda ni uzito wa mshipi, na mshipi huu hauwezi kuikunja fimbo hii hata urushe mpaka kiama. Ni kama kumpa mtoto shoka akate kitunguu. Nani kakufungia?"

"Baba mkwe."

"Anajua kurusha?"

"Ndiye bingwa wetu."

Mama akamtazama, akacheka kicheko kifupi cha puani. "Basi hakukosea," alisema. "Mtu anayejua hakosei kitu kama hicho. Kakuchezea shere, baba. Na wewe umeshinda mwaka mzima unamchekea."

Mwaka mzima! Angejua ni miaka mingapi. Hamali alikaa kwenye ukingo wa bwawa, miguu ndani ya maji na viatu vyake. Vikapu vyote vile. Ngazi zote zile. Mezani, mbele ya mke wake. Kumbe siku ya harusi yenyewe, huku anamkumbatia na kumwombea heri, mzee alikuwa ameshamwandalia kichekesho cha maisha.

Mama akamletea fimbo nyingine, fupi na nyepesi, mshipi umeendana nayo. "Hii ndiyo saizi ya mkono wako." Hamali akarusha, na mshipi ukaondoka. Ukajikunjua juu ya maji taratibu, mpaka mwisho, na lile nyoya likatua upande wa pili bila hata kutoa sauti. Siku nyingine angelia kwa furaha. Siku hiyo aliwaza kitu kimoja tu, namna ya kulipa.

Na Mungu naye, sijui alikuwa anatazama wapi, wiki hiyo hiyo akamletea mzee dukani.

Aliburutwa na binti yake. "Baba anagonga milango," mke wa Hamali alisema, "na shindano ndilo hilo. Mpime." Mzee akakaa kwenye kiti cha kupimia kama aliyekamatwa. "Macho yangu mazima," alisema. "Ni zile pete tu, siku hizi zinapakwa rangi hafifu. Haya, Hamali, fanya uhamali wako."

Hamali akapima. Macho ya mbali yalikuwa mabaya kiasi. Ya karibu yalikuwa yamekwisha, tena si ya jana wala juzi. Ni macho ya mtu aliyeacha kusoma maandishi madogo zamani sana akaficha. Mtu mwenye kazi ile, akiyaona yale, angetulia akajiuliza maswali mawili matatu. Hamali hakujiuliza. Alichosikia kichwani ni "fanya uhamali wako", basi.

Alitengeneza miwani miwili. Ya kwanza ilikuwa sahihi, kazi safi, akaifunga kwenye kitambaa akaiweka kwenye droo. Ya pili ilifanana na ya kwanza kwa kila kitu, ila vioo. Kioo cha macho kama yale kina pembe yake ya kukaa kwenye fremu. Ukikizungusha kidogo tu, sakafu inainama, umbali unadanganya, na aliyekivaa hajui kinachomsumbua. Alikizungusha kidogo tu. Ni mzaha wa siku moja, alijiambia, Jumatatu nitambadilishia. Akampelekea mzee nyumbani mwenyewe.

"Mbona chini kunainama?" mzee aliuliza.

"Utazoea, baba. Macho yanahitaji siku chache."

"Haya. Wewe ndiye mjuzi."

Siku ya shindano walivua asubuhi kama kawaida, na mchana bwawa lilitulia. Pete za plastiki zilielea mbali na ukingo, kila mmoja ana zamu yake ya kutupia nyoya ndani. Ilipofika zamu ya Hamali, mmoja akaanza kukusanya vikapu mapema, watu wakacheka. Hamali akaifungua ala yake akatoa fimbo mpya. Kicheko kikakatika. Mzee aliona, au alisikia kile kimya, akauliza, "Ana nini?" Wakamwambia. Akarekebisha miwani puani.

Hamali akarusha. Kiwiko kikakaa, fimbo ikasimama, mshipi ukanyooka nyuma, ukaja mbele. Ndani ya pete. Akarudia, ndani. Wazee walikuwa midomo wazi. Mke wake, aliyekaa kwenye nyasi na chupa ya chai, akapiga makofi peke yake.

Kisha Bingwa. Akapanda ukingoni, shingo imenyooka, akarusha ule mrusho wake mzuri wa siku zote, na nyoya likaanguka mbele ya pete, mbali kabisa. Akakunja uso. Akavuta, akarusha tena, likapita juu ya pete likaangukia majanini. Mtu akakohoa. Mara ya tatu alisogeza mguu akitafuta pa kukanyaga, akapepesuka, mshipi ukajizungusha, na ndoana ikanasa kwenye ukosi wa koti lake mwenyewe, nyuma ya shingo, akabaki anaupapasa kama mtu anayewashwa.

Jamani, walicheka! Wale wale aliowachekesha miaka yote, walishika mbavu. "Bingwa, unavua au unafukuza inzi?" mmoja alipiga kelele, na hapo ndipo walipolala chini kabisa. Hamali alikuwa na nafasi ya kunyamaza, tena yenye heshima. Akaenda akamnasua mkwewe ndoana, polepole, kisha akachukua kikapu chake mwenyewe akakiweka miguuni pa mzee.

"Sheria ni sheria, baba," alisema.

Mzee akainama. Akabeba. Alipanda zile ngazi za mawe akizipapasa kwa ncha ya kiatu moja moja, kwa sababu kila ngazi aliyoiona haikuwa pale alipoiona. Katikati aliangukia goti, samaki wakamwagika. Hakuna aliyeshuka kumsaidia ila binti yake. Aliwaokota samaki mmoja mmoja, akamwinua baba yake, kisha akamtazama mumewe. Hamali alijifanya anafunga ala ya fimbo. Nisiseme uongo, kwa dakika ile alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia maishani.

Kesho yake asubuhi mzee alikuja dukani peke yake, miwani usoni, kiganja ukutani. Alibeba fimbo zake zote kwenye mfuko mmoja mrefu. Akaziegemeza kwenye meza ya kazi.

"Nimekuletea," alisema. "Mimi basi."

"Basi nini, baba?"

"Acha niseme, nisije nikaghairi." Akakaa kwenye kiti cha kupimia. "Ile fimbo ya harusi. Jana nilipoona umeiacha, nilijua umeshagundua. Mshipi wake si wake. Siku ile nilikuwa na maboksi mawili mezani, nikachukua moja. Namba sikuziona, na sikutaka kumwita mtu anisomee. Miaka ile nilikuwa nimeshaanza kutoona karibu. Baadaye, ulipokuwa unashindwa, nilihisi labda nilikosea. Lakini ningekwambiaje? Ningesema Bingwa hawezi kusoma boksi?" Akafikicha goti lililovimba. "Nikakucheka. Nilikucheka sana ili wakutazame wewe, wasinitazame mimi."

Hamali akaitazama droo.

"Nilidhani ni macho," mzee aliendelea. "Nikasema, nikipata miwani nitarudi kama zamani. Sasa miwani ninayo, na umeona mwenyewe. Si macho. Ni mwili umekwisha. Hata ngazi siwezi tena."

"Baba," Hamali alisema, mkono wake umeshafika kwenye droo. "Labda ni miwani. Vioo hukosewa. Nivulie nipime tena, mara moja tu."

Mzee akaishika miwani kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kofia isichukuliwe na upepo. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umenitengenezea wewe. Angekuwa mtu mwingine ningeshuku. Wewe uliuvulia mshipi wangu mbovu miaka yote hiyo hukuufungua, kwa kuniheshimu, mpaka leo najionea haya. Na mimi nikufungulie kazi yako? Thubutu! Miwani haina kosa, mwanangu. Kosa ni langu."

Mwanangu. Lilitoka kirahisi hivyo, pale kwenye kiti cha wateja. Hamali alikuwa ameivuta droo nusu. Aliiona kona ya kitambaa. Ilitosha kusema neno moja. Lakini angelisema lile moja, na hili la mwanangu lingerudi lilikotoka, na mke wake angejua, na ile sura aliyomtazama nayo kwenye ngazi ingekaa mezani kwao daima.

Akaisukuma droo ikafunga.

"Pole, baba," alisema. "Ndiyo umri."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akatoka akipapasa ukuta. Kwenye kizingiti alinyanyua mguu juu sana, akatafuta chini, akatua kwa kishindo.

Sasa nyumbani kwao mezani hakuna anayecheka. Mzee haji tena bwawani. Hukaa kitandani kutwa, kichwa kinamuuma, anatapika, na daktari haoni ugonjwa. Mke wa Hamali huenda kumlisha kila jioni. Juzi alirudi, akavua viatu mlangoni, akasimama.

"Nimemwomba aivue miwani alale," alisema. "Amekataa. Anasema ataivaa mpaka azikwe nayo, kwa sababu kafungiwa na mwanawe."